Ndoano ya mpita njia nayo ina sheria Mweru

Zimebaki wiki chache kufika Desemba 1, siku ambayo Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi hadi mwisho wa Februari. Kwa wasomaji wetu wanaovuka Ziwa Mweru na vitenge, sabuni, unga na magunia ya samaki wakavu, tarehe hiyo si ngeni. Wanajua bei ya samaki itapanda na mizigo itapekuliwa barabarani. Lisilojulikana sana, na ambalo tumeulizwa mara nyingi kuliko tulivyotarajia, ni hili: je, ndoano moja na mshipi wake, anayoitupa mtu akisubiri boti pale Kashikishi, nayo imo ndani ya sheria?

Imo. Tena imo mwaka mzima, si katika miezi hiyo mitatu peke yake.

Sheria inayotawala ni Sheria ya Uvuvi ya Zambia Namba 22 ya mwaka 2011, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1974. Watanzania watashtuka kidogo, kwa kuwa Sheria ya Uvuvi ya kwao nayo ni Namba 22, ya mwaka 2003. Namba zimefanana kwa bahati tu. Leseni iliyokatwa Kigoma au Mwanza haimfai mtu kitu akiwa Nchelenge, na tumesikia watu wakiitoa mfukoni kwa kujiamini kabisa. Mgeni anayevua kwa kujifurahisha, awe mtalii aliyetoka Ulaya na ufito wa bei mbaya au mama wa Pweto mwenye mshipi aliouzungushia kwenye kopo, anatakiwa awe na leseni ya uvuvi wa burudani. Mkazi wa kijiji na kitoweo cha watoto wake ni habari nyingine. Mgeni asijifiche nyuma yake.

Mlango wa kwanza ni ofisi ya Idara ya Uvuvi, iliyo chini ya Wizara ya Uvuvi na Mifugo. Nchelenge ni makao ya wilaya na idara ina watu wake hapo, kwa hiyo hakuna haja ya kupanda gari hadi Mansa ili tu kuuliza. Nenda asubuhi ya siku ya kazi, kabla hujaanza kukusanya mzigo sokoni, ukiwa na pasipoti au kibali chako cha mpakani. Ukifika, usiseme tu "nataka leseni ya uvuvi" ukanyamaza. Leseni za uvuvi ni za aina kadhaa, na anayesikia neno uvuvi kutoka kwa mfanyabiashara hufikiria nyavu na boti. Sema kwamba wewe ni mgeni, kwamba unavua kwa ndoano na mshipi, kwamba samaki si wa kuuza, na utavua sehemu gani kwa siku ngapi. Hapo ofisa atajua karatasi ipi inakuhusu, na wewe utalipia kile unachokihitaji.

Bei hatuitaji hapa kwa makusudi. Ada za serikali ya Zambia huandikwa kwa vitengo vya ada, na thamani ya kitengo kimoja kwa kwacha hubadilishwa kila serikali inapoona haja. Kiasi alicholipa mwenzako miaka mitatu iliyopita hakina kazi leo, wala kile ulichotajiwa na kijana wa boti. Uliza ofisini, lipa kwa njia ambayo ofisi yenyewe inaielekeza, na udai risiti ya serikali. Asiyekupa risiti hajakupa leseni, hata kama amekupa karatasi yenye muhuri. Kabla ya kuondoka dirishani, soma karatasi yako: jina liwe kama lilivyo katika pasipoti, tarehe ya kuanza na ya kuisha ziwepo, na maji unayoruhusiwa yawe yameandikwa. Itie ndani ya mfuko wa plastiki. Leseni iliyolowa ikawa uji haisomeki, na doria haina subira ya kusubiri ikauke.

Neno moja kuhusu majina. Katika Mweru kuna Kilwa mbili, na hatuzungumzii ile ya pwani ya Tanzania. Kisiwa cha Kilwa ni cha Zambia, chini ya Chifu Nshimba. Mji wa Kilwa uko ng'ambo, katika mkoa wa Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtu akisema dirishani kwamba anakwenda kuvua Kilwa bila kusema ipi, anajitafutia maneno na watu wa uvuvi na watu wa uhamiaji kwa pamoja.

Na hapa ndipo penye mtego mkubwa wa ziwa hili. Mweru ina eneo la kilometa za mraba zipatazo 5,100, na mpaka unaopita majini unatokana na makubaliano ya Mei 1894 kati ya Uingereza na Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Majini hakuna uzio wala mawe ya mpaka. Upepo ukigeuka, mtumbwi uliotoka Nchelenge unaweza kujikuta katika maji ya Kongo wakati aliyemo ndani bado anahangaika na chambo. Leseni ya Zambia inaishia kwenye mstari huo usioonekana, na karatasi ya Kongo inaishia papo hapo kutoka upande wa pili. Anayetaka kuvua pande zote mbili anahitaji ruhusa mbili, na anayetaka kulala usingizi avue karibu na ufuko wa nchi iliyompa leseni.

Hata ndani ya Zambia yenyewe leseni moja haifungui kila mlango. Mto Kalungwishi unaingia Mweru kutoka mashariki, na wapenda ndoano huvutika kuufuata kuelekea kwenye maporomoko yake ya Kundabwika, Kabwelume na Lumangwe. Njiani mto huo unapakana na Hifadhi ya Taifa ya Lusenga Plain. Ukiingia hifadhini umeingia kwa Idara ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori, yenye vibali vyake na masharti yake. Kaskazini, Mweru Wantipa nayo ina hifadhi yake, na si ziwa hili ingawa jina limefanana. Uliza kabla, si baada.

Kuhusu namna ya kuvua, mwenye leseni ya burudani abaki na ndoano. Sumu, baruti na chandarua cha mbu vimekatazwa kwa kila mtu. Vivyo hivyo kutumpula, yaani kupiga maji ili samaki wakimbilie wavuni, njia ambayo wavuvi wa Ziwa Victoria wanaijua kwa jina la katuli. Ukubwa wa macho ya nyavu unapangwa kwa kila eneo la uvuvi, lakini hilo si la mtu wa ndoano. Akikutwa na wavu ndani ya mtumbwi wake, hata akisema ni wa shemeji yake, leseni yake haitamtetea. Tungeongeza, ingawa haimo katika leseni yoyote, kwamba mgeni apite kwa mkuu wa kijiji kabla ya kukaa ufukoni pa watu. Mapokeo ya Luapula yanasimulia jinsi Nachituti, kwa uchungu wa mwanawe aliyeuawa na Nkuba, alivyompa Mwata Kazembe nchi pamoja na maji yake. Huko watu hawaoni ziwa kuwa kitu kisicho na mwenyewe. Salamu ya dakika kumi inakuepusha na mengi, na pengine utaonyeshwa penye samaki na penye mamba.

Turudi kwenye Desemba. Miezi ya kufungwa ni miezi ya mvua, wakati samaki wengi wanapanda mito na kuingia mabwawani kutaga. Kando ya Zambezi, makambi yanayoishi kwa wageni wa ndoano huweka vifaa vyao stoo kipindi hicho chote, na hayo ni makambi ambayo mgeni mmoja analipa kwa dola. Mfanyabiashara wa Mweru asijidanganye kwamba ndoano yake ni ndogo mno kuonekana. Samaki wake pia wataulizwa. Ziwa Kariba na Ziwa Tanganyika kwa kawaida huachwa nje ya amri hiyo, na samaki wa mabwawa ya kufugia huendelea kuuzwa. Ndiyo maana anayesafirisha samaki Januari anatakiwa awe na karatasi inayoonyesha walikotoka. Gunia lisilo na historia huchukuliwa kuwa limetoka ziwa lililofungwa.

Wanaozunguka kati ya Nchelenge na Mpulungu wana kazi ya ziada, kwa sababu kalenda za maziwa haya mawili hazilingani. Tanganyika ina mapumziko yake katikati ya mwaka: mwaka 2024, kwa mfano, Tanzania ilifunga uvuvi huko kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Mtu anaweza basi kuvunja sheria Januari akiwa Mweru, akasafiri, kisha akaivunja tena Juni akiwa Tanganyika, na mara zote mbili akaapa kwamba alidhani msimu uko wazi. Hatumlaumu sana. Lakini faini haijali alidhani nini.

Kuna hoja tunayoisikia kila mara, na haistahili kupuuzwa. Watu wanasema: ziwa linatolewa tani kwa tani usiku kucha na taa za wavuvi wa chisense, makokoro yanasomba hadi vifaranga, ninyi mnahangaika na mtu na ndoano yake? Kwa hesabu ya samaki peke yake, wana haki. Pale wawili na kambale mmoja waliovuliwa kwa mshipi hawataimaliza Mweru.

Ila tumfikirie mvuvi wa Kashikishi. Huyu anakata leseni yake kwa mwaka. Ikifika Desemba anaanika nyavu ukutani, anaazima unga, anamwambia mwanawe kwamba ada ya shule itasubiri Machi. Kisha asubuhi moja ya Januari anamwona mgeni amekaa juu ya gati, miguu inaning'inia, anatoa samaki mmoja baada ya mwingine kwa kujifurahisha. Idadi ya samaki haina maana tena hapo. Anachokiona ni kwamba sheria ina meno kwake na haina meno kwa mpita njia, na usiku huo huo nyavu zake zinashuka kutoka ukutani. Tunaamini amri ya kufunga ziwa inasimama kwa sababu watu wanaiona ya haki kuliko kwa sababu ya boti za doria, ambazo hakuna serikali yenye za kutosha.

Mweru inalo kumbukumbu la nini hutokea kila mtu akidhani sehemu yake ni ndogo. Waliokuwa watoto miaka ya 1940 walimjua mpumbu, samaki aliyepanda Mto Luapula kwa makundi makubwa wakati wa mvua kwenda kutaga. Wavuvi wa kingo zote mbili walimngoja njiani akiwa na mayai tumboni. Wafanyabiashara wa Kigiriki wa Kasenga walimnunua na kumpeleka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kulisha watu wa migodini. Serikali ya Waingereza ilitazama ng'ambo kwa Wabelgiji, Wabelgiji nao kwa Waingereza, na kila upande ulikuwa na sababu ya kusema tatizo liko kwa mwenzake. Kufikia miaka ya 1950 makundi yale yalikuwa yamekwisha, na ukubwa ule hayajaurudia tena. Soko likahamia kwa pale, baadaye kwa chisense. Kila kizazi kimekuwa kikila samaki mdogo kuliko waliyekula baba zao.

Kwa hiyo tunasema na wasomaji wetu kwanza, bila kuwapaka mafuta. Tunajua wapo wanaoitaka leseni ya burudani kwa sababu ni nyepesi kupatikana kuliko ya kibiashara, kisha wanawapa vijana wanne ndoano, wanakusanya kutwa nzima, na jioni samaki wako mezani sokoni. Huo si uvuvi wa burudani. Samaki wa ndoano ya burudani ni wa kula au wa kumrudisha majini. Siku akiuzwa, leseni ile imekufa na aliyeishika ni mvuvi asiye na kibali. Anayenunua naye ajue ananunua nini. Ujanja huu una hasara kwetu sote, kwa sababu serikali ikiona leseni nyepesi inatumika vibaya itaifanya ngumu, na mwenye kuumia atakuwa yule aliyetaka tu kuvua samaki wa chakula chake cha jioni akisubiri boti ya asubuhi.

Lakini hatuwezi kumaliza kwa mfanyabiashara kana kwamba yeye peke yake ndiye mwenye deni. Leseni ya burudani ya Zambia, kama ilivyo katika nchi zetu nyingi, inaonekana kutungwa akifikiriwa mtalii: mtu mwenye gari la kukodi, mwenye Kiingereza, na mwenye kambi inayomshughulikia makaratasi. Ufukoni Nchelenge watu wanaoshika ndoano ni wengine. Ni wapiga makasia, wachuuzi waliokwama kwa siku mbili kwa sababu ya upepo, madereva wa malori. Wengi wao wanazungumza Kibemba au Kiswahili, cha Kongo au cha Tanzania, na tangazo la Kiingereza lililobandikwa ndani ya ofisi ni sawa na ukuta mtupu kwao.

Kiswahili nacho si mgeni aliyekuja jana. Livingstone alipofika kwa Kazembe Novemba 1867 alimkuta huko Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa ameishi hapo miaka mingi. Njia za biashara kutoka pwani zilifika kwenye bonde hili zamani kuliko mipaka yenyewe. Agosti 2019, mkutano wa wakuu wa SADC uliofanyika Dar es Salaam ulikipa Kiswahili nafasi miongoni mwa lugha rasmi za jumuiya hiyo, na Zambia na Kongo zote ni wanachama. Tunapoomba kibao cha Kiswahili kwenye mwalo wa Nchelenge hatuombi fadhila.

Kibao hicho kiandikwe kwa Kibemba, Kiswahili na Kifaransa pamoja na Kiingereza. Kitaje tarehe za kufungwa, vifaa vilivyokatazwa, ada ya leseni kwa kwacha ya mwaka huo, na faini ya kila kosa. Faini ikiwa wazi ukutani, hakuna wa kuijadili pembeni kwa sauti ya chini, na wafanyabiashara wetu wanajua vizuri tunazungumzia nini. Pili, iwepo leseni ya siku tatu au ya wiki kwa wavukao na kibali cha mpakani, yenye bei inayolingana na muda huo. Anayekaa siku mbili akitakiwa alipe kama anayekaa mwaka, hatalipa. Atajificha nyuma ya matete. Tatu, ikatwe pale pale boti zinapofunga, hata kama ni ofisa mmoja na kitabu cha risiti kwa saa tatu za asubuhi.

Na nne ni la serikali mbili. Juni 2003 nchi nne, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, zilitia saini mkataba wa kulisimamia Ziwa Tanganyika, na kutoka hapo ikazaliwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika. Mweru ina nchi mbili tu. Kukubaliana kwa wawili, ambao tayari wamekaa meza moja kwa ajili ya ziwa jingine, hakupaswi kushinda kukubaliana kwa wanne. Tarehe za kufunga na kufungua ziwe moja kwa maandishi na zitangazwe siku moja Mansa na Lubumbashi, na leseni ya burudani ya upande mmoja itambuliwe upande wa pili, walau kwa mtu wa ndoano aliyesukumwa na upepo.

Ziwa litafunguliwa tena Machi 1. Ofisi zina miezi mitatu ya kupaka rangi ubao mmoja na kuchapa vitabu vya risiti, na wafanyabiashara wana muda huo huo wa kuacha ndoano nyumbani. Asubuhi hiyo gazeti hili litakuwa na mwandishi wake kwenye mwalo wa Nchelenge, naye ataandika ameona nini.